Tobo Katikati ya Tandiko

Ukitaka kumsikiliza Mama Peguy, anayekaa mlango wa pili kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja kuukuu la mtaa wa Point, Durban, atakuambia kwamba msichana aitwaye Sikujua ana wazimu. Atakuambia kwamba yeye, kwa huruma zake, alimwazima Sikujua kikwembe chake cha waksi ya kweli, kitenge ambacho hata mwenyewe hajakivaa, na kwamba Sikujua, mbele ya wageni wa heshima, alikirarua kwa meno kama mbwa agugunaye mfupa. "Kwa meno, mama! Mimi na macho yangu haya!" Hapo hujipiga kifua, hushusha pumzi, kisha humalizia: "Wema haulipwi na wema. Iko hivyo."

Hayo ni ya Mama Peguy, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sikujua hajawahi kubishana na mtu juu ya jambo hilo. Ni msichana wa maneno machache na macho mengi. Lakini waliokuwapo siku ile wanajua yaliyotokea, nayo ni haya.

Sikujua na mdogo wake Lulu walifika Durban kutoka Kongo wakiwa wawili tu, bila baba, bila mama, bila mjomba wa kuwasemea. Sikujua alipata kazi mtaa wa Umbilo kwa Papa Athanase, fundi cherehani, akawa anapinda nguo, anashona vifungo na kufagia chini ya mashine. Lulu alipata mchumba. Innocent alikuwa kijana wa Kigoma, mtengenezaji wa simu, mpole kama maji ya mtungini. Tatizo halikuwa Innocent. Tatizo lilikuwa shangazi yake, Ernestina, aliyemlea tangu mdogo. Mama huyo alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na tayari alikwisha kumkataa msichana mmoja kwa sababu hakupendezwa na ndugu zake. Akatuma neno: Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja Point kuwatazama watu wa Lulu. Akiridhika, ndoa. Asiporidhika, Innocent atafute kwingine.

Sasa, katika ukoo wa mama yao akina Sikujua kulikuwa na desturi. Wageni wa posa hutandikiwa tandiko lililotengenezwa na nyumba ya binti. Hulikalia, hula, huzungumza. Wakikubali, hulikunja wenyewe wakaondoka nalo, na binti atalikuta huko aendako. Wakiliacha limetandikwa, mambo yamekwisha, na hakuna haja ya maneno.

Sikujua hakuwa na kitambaa cha kutosha hata mto. Alichokuwa nacho ni gunia la vipande vilivyoanguka chini ya meza ya Papa Athanase. Alipoomba ruhusa, mzee alicheka. "Chukua, binti, chukua! Hata panya wamechoka kuvilalia."

Kuchagua ndiko kulikokuwa kazi. Asiyejua hudhani kiraka ni kiraka. Sikujua alilowesha kila kipande, akakikandamiza juu ya kitambaa cheupe. Kilichoacha doa alikirudisha guniani, maana kiraka kimoja kinachochuja rangi huwaharibu jirani zake wote, kama mdomo mmoja unavyoweza kuharibu jengo zima. Shweshwe, kile kitambaa cha maua madogo wanachokipenda wenyeji wa huku, hutoka dukani kigumu kama karatasi kwa wanga. Hicho alikiosha kwanza ili kirudi na kunywea kabisa kabla ya kuungwa, kisije kikarudi baadaye na kuwavuta wenzake. Kulikuwa na mabaki ya bendera yaliyolala pale tangu Kombe la Dunia la mwaka uliotangulia, ya manjano na kijani, yanang'aa. Aliyajaribu kwa pasi, yakajikunja kama jani bichi motoni. Akayaacha. Uzuri usiovumilia pasi alikuwa hana kazi nao.

Kisha akaanza kuunga. Alichukua mraba mdogo mwekundu, akaushonea ukanda ubavuni, na ukanda mwingine, akazunguka na kuzunguka, kama mtu ajengaye nyumba kuanzia jikoni na kuongeza vyumba kadiri watoto wanavyozaliwa. Upande mmoja aliweka vipande vya giza, upande wa pili vya mwanga. Vile vilivyopinda, visivyotosha hata kufunga kidole, alivishonea juu ya karatasi za matangazo ya duka la vyakula, akanyoosha kingo kwa mkasi, halafu akaichana karatasi kwa nyuma. Nyingine zilikataa kutoka, hivyo nyuma ya viraka pakabaki vijipicha vya kuku na sabuni. Vipande hivyo vidogo ndivyo alivyovipanga katikati, na katikati hapo palimeremeta kama kiwanja cha maua.

Wiki moja kabla ya wageni, Mama Peguy aliingia kuomba chumvi. Akaliona tandiko sakafuni.

"Iko nini hii?"

"Tandiko la wageni wa Lulu," alijibu Sikujua.

"Hawu! Wale watu watakaa juu ya matambara? Eish, Sikujua! Watasema binti wanamtoa jalalani."

"Si matambara, Mama Peguy. Ni viraka."

"Tofauti iko nini?"

"Tambara liko peke yake. Kiraka kiko na wenzake."

Mama Peguy aliangua kicheko. Sikujua asingejali, kwani masikio yake yalikuwa yamezoea. Lakini Lulu aliketi kitandani, akaanza kulia. "Yaya," alimwambia dada yake, "mi sitaki wanicheke. Huyo shangazi anatafuta sababu tu. Tusimpe sababu."

Mama Peguy alitoka, akarudi na kikwembe kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kilikuwa cha samawati, chenye ndege wa dhahabu, na pindoni maandishi ya kiwanda. "Weka hiki katikati. Usinishukuru. Ila usikikate. Usikioshe, kitapoteza mng'aro. Usikitoboe na sindano sana. Na maandishi yaonekane, watu wasome."

"Wakikunja waondoke nalo, je?" aliuliza Sikujua.

"Wale Watanzania, watajua wapi mambo yenu? Watakaa, watakunywa fanta, watakwenda. Jumapili unanirudishia. Sharp? Tumeelewana?"

Sikujua alimtazama mdogo wake, akaona macho mekundu kama pilipili. Basi, moyo ukikataa, mkono ukatii. Alifumua katikati ya tandiko. Kwa kuwa waksi haikatwi, viraka ndivyo vilivyokatwa, vikasukumwa pembeni na kugawanywa kingoni ili mgeni apate nafasi. Kikwembe akakikunja, akakishikiza kwa mishono mirefu, michache. Kila alipopita karibu nacho siku zile, alitazama pembeni, kama mtu anayepishana na jirani aliyemkosea.

Jumamosi ikafika. Papa Athanase alivaa koti lake akakaa upande wa wasichana kama baba. Shangazi Ernestina aliingia na Innocent, akavua viatu, akaketi katikati ya tandiko. Mama Peguy, ambaye hakuna aliyemwalika, alikwisha kukaa.

"Shangazi, karibu sana. Jisogeze kidogo tu, usikalie maandishi."

Shangazi alijisogeza.

"Kikombe, kikombe! Waksi haipendi chai, mama."

Shangazi alikiweka kikombe mkononi. Akasogezwa tena, na tena, hata akajikuta ukingoni kabisa, kama kuku aliyenyimwa kiota. Hata hivyo maneno yalikwenda vizuri. Alimuuliza Lulu maswali yake, akajibiwa kwa adabu. Alimuuliza Papa Athanase juu ya Sikujua, mzee akasema, "Huyu? Mimi nikifunga duka, funguo anazo yeye." Shangazi akaitikia kwa kichwa. Innocent akaanza kupumua.

Hatimaye Shangazi Ernestina alisimama, akalainisha nguo yake. "Innocent ameniambia desturi ya kwenu," alisema. "Mimi si wa huko. Lakini ukiingia kwa mtu, ingia kwa mlango wake." Akainama, akashika pembe ya tandiko ili alikunje.

Lulu aliziba mdomo kwa furaha. Na Mama Peguy akaruka kama aliyekalia siafu.

"Ngoja! Ngoja kwanza, ma chérie! Hicho cha katikati ni changu!"

"Chako vipi?"

"Niliwaazima tu, kuwasitiri. Hawa watoto hawana kitu, Shangazi. Bila mimi mngekaa juu ya takataka ya fundi."

Shangazi Ernestina aliiachia ile pembe, ikaanguka. "Kwa hiyo mchana kutwa nimekalia cha nani?"

Lulu alijifunika uso kwa kitambaa. Innocent alivitazama vidole vya miguu yake kana kwamba ameviona leo. Shangazi akatupa jicho mlangoni, kulikokuwa na viatu vyake.

Aibu ilimpanda Sikujua kutoka nyayoni, moto kama pasi. Ilipofika kooni haikumwaga machozi. Iligeuka kitu kingine, kigumu, kilichomnyoosha mgongo. Alinyanyuka, akaenda kwenye kopo la nyuzi, akatoa wembe. Akapiga magoti juu ya tandiko na kuanza kufumua.

"Weye! Unafanya nini? Polepole!"

"Ninakurudishia."

"Nilisema Jumapili!"

"Leo pia ni siku."

Mishono iliachia upesi, kwa kuwa ilikuwa mirefu na michache kama Mama Peguy mwenyewe alivyoagiza. Pembeni palikuwa na fundo, akaukata uzi kwa meno, kama kila fundi afanyavyo. Hayo ndiyo meno anayoyasimulia Mama Peguy. Kisha Sikujua alikunja kile kikwembe, maandishi juu, akampa kwa mikono miwili.

"Kitazame mbele ya watu. Hakikukatwa. Hakikuoshwa. Maandishi yako haya."

Mama Peguy alikipokea, akakikumbatia kifuani. Katikati ya tandiko lilibaki tobo kubwa, na mkeka wa plastiki ukachungulia chini yake.

Papa Athanase alikohoa. "Binti, dukani nina kitambaa kizuri. Nipe nusu saa, nakwenda na taxi narudi..."

"Hapana, Papa. Aksanti. Hata chako kitakuwa cha kuazima."

Akamgeukia Shangazi Ernestina. Sauti yake haikuwa kubwa, ila haikutetemeka. "Shangazi, hili ndilo tandiko letu. Nimelishona mimi, kwa vilivyoanguka chini. Tobo hilo ni kosa langu, si la Lulu. Niliambiwa kilicho changu ni aibu, nikaamini, nikakikata nikaweka cha mtu. Sasa hapa hakuna cha mtu. Ukilikunja, umekunja chetu. Ukiliacha, tutalilalia sisi wenyewe, wala hatutakufa."

Shangazi alichuchumaa taratibu, akapitisha mkono ndani ya tobo, akaugeuza huku na huku.

"Upepo utapita hapa."

"Utapita, Shangazi. Lakini upepo haudai."

Yule mama alimtazama. Halafu akageuza ukingo wa tandiko, akakagua mishono ya nyuma kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine. Kidole kikasimama. "Na huyu kuku?"

"Wa kwenye matangazo ya duka. Alikataa kutoka."

Shangazi Ernestina alicheka kwa pua, kicheko kifupi kama chafya. Akalikunja tandiko mara mbili, akalikunja tena, akalitia kwapani.

"Innocent," alisema, "nisogezee viatu. Tumekunja."

Lulu aliolewa. Tobo aliliziba mwenyewe, kwa kipande cha shati la mumewe. Mshono ukaenda kombo, na hakuna aliyethubutu kuufumua. Sikujua alibaki katika chumba kilekile cha Point, akaanza tandiko la pili kutoka gunia lilelile, safari hii akiacha viraka vyake vidogo katikati, mahali pake. Waliopita koridoni walisimama mlangoni kulitazama.

Adhuhuri moja mlango ulibishwa kwa upole usio wa kawaida. Alikuwa Mama Peguy, tabasamu limempasua uso.

"Mdogo wangu! Hujambo? Yale mambo yalipita, si ndiyo?" Aliingia bila kuambiwa, akainama juu ya tandiko, akalipapasa. "Sikiya. Dada zangu wanakuja kutoka Lubumbashi. Kochi langu limechanika, unalijua. Niazime hili. Siku moja tu. Sitalikata, sitaliosha, hata chai hawatakunywa juu yake. Eh, Sikujua? Siku moja tu, mama."

Sikujua alilamba ncha ya uzi, akaipenyeza kwenye tundu la sindano, akauvuta. Kisha akachukua kiraka kingine.

"Sikujua? Unanisikia?"

Sindano ilishuka, ikapanda. Nguo ya kuazima haisitiri matako.