Tumbusi Juu ya Paa la Fisi

Mwaka huo jua liliwaka bondeni mpaka mbu wakahama. Bwawa lilikauka likabaki ufa, na ndani ya ufa ule Kiboko alikaa amejikunja, akisisitiza kwamba yeye yumo majini. Hakuna aliyembishia, maana alikuwa anatia huruma.

Wanyama wakakubaliana kwamba Mbayuwayu, mwenye mabawa na asiye na mizigo, atangulie kutafuta maji. Akiyaona apige video kutoka angani, aitume kwa mtandao, na bonde zima lifunge safari. Ilibidi iwe video, kwa sababu Mbayuwayu hajui kuelekeza. Ukimwuliza njia atakwambia, "Pale chini, halafu kulia," na kulia kwake hubadilika kila anapogeuka.

Mtandao wa bonde ulikuwa wa Buibui. Alitandaza uzi mmoja mnene kutoka kilele cha mlima, kisha akavuta nyuzi nyembamba, mmoja kwa kila nyumba. Kila alipomfungia mtu uzi, alimsomea sharti lake kwa sauti.

"Huu ni mtandao wa nyumbani. Ni wako, na mkeo, na wanao, na mgeni aliyekuja kunywa uji. Usiufungulie duka, wala usilishie kijiji cha pili. Uzi mnene ni mmoja, na wote mnachota humo."

Kila mnyama alijibu ndiyo. Fisi alijibu ndiyo mara tatu, na hapo ndipo Buibui alipotakiwa kushtuka.

Siku ya kumi simu ya Bi Kobe, aliyekabidhiwa kupokea habari, ikalia.

"Bi Kobe! Nimeyaona! Maji mengi, ziwa zima! Yapo nyuma ya—"

Simu ikakatika. Baada ya muda video ikaingia, ikaanza kufunguka, na kile kiduara cha kusubiri kikazunguka. Kilizunguka asubuhi, kikazunguka adhuhuri, na kesho yake kilikuwa bado kinazunguka. Bi Kobe alikitazama mpaka shingo ikamwuma, na kwa shingo ile si maumivu madogo.

"Itafunguka tu," Swala akamwambia. "Vuta subira."

"Wewe ukijua njia leo, kesho unakunywa," Bi Kobe akasema. "Mimi nahitaji wiki mbili, na nikikutana na kilima, tatu. Nyumbani kwangu limebaki tope la siku nne. Nyinyi mnasubiri habari, mwenzenu nasubiri kufa."

Akalia mbele za watu. Bi Kobe ameishi miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwona analia, kwa hiyo Swala akaona aibu akatazama kwato zake.

Sasa tuingie kwa Fisi, ambako yeye mwenyewe alikuwa hamwingizi mtu.

Fisi alikuwa na seva ndani. Seva ni mashine inayokaa na vitu tumboni mwake na kumgawia kila anayeomba kwa mtandao, na hii ya Fisi ilikaa na sinema. Waliokuwa wakiomba ni mbweha mia nne wa ng'ambo ya kilima, ambao hawana kazi. Walitazama tangu jua linapochomoza, wakarudia zile zile walizozipenda, na kila mmoja aliacha mnofu wa nyama kavu nyuma ya kilima kila wiki. Sebule ya Fisi ilijaa nyama mpaka darini. Wenzake walikuwa wanahesabu mbavu zao, naye alikuwa anatafuta mahali pa kuketi.

Tatizo lake lilikuwa joto. Mashine ile ilipika nyumba, basi Fisi akatoboa tundu la hewa upande wa nyuma, kwenye kichuguu cha zamani, hewa ya moto ikawa inatoka huko. Mchana hulala, hivyo hakuwahi kwenda kulitazama tundu lake linafanya nini. Huo ni uvivu wake, na tutaufikia.

Sungura alipoona Bi Kobe analia, alikwenda moja kwa moja kwa Buibui.

"Mama, nani anakula mtandao?"

Buibui akaweka mguu mmoja juu ya uzi mnene, akafumba macho yake yote, jambo lililochukua muda. "Unatikisika upande wa magharibi. Huko nina nyumba sita, na nyuzi zao nimezifunga fundo moja. Ni mmoja wao. Zaidi ya hapo sijui."

"Basi tuingie tukague."

"Simba hatakubali. Mnyama haingii shimo la mwenzake mpaka aambiwe karibu. Unajua alivyo mkali kwa sheria hiyo."

Sungura alijua. Simba alikuwa mkali kwa sheria hiyo kwa sababu ya yaliyomo shimoni mwake mwenyewe. Basi Sungura akazunguka nyumba sita akipiga hodi tu. Watano walimkaribisha. Wa sita alitoka nje akaufunga mlango kwa makalio.

"Hodi ya nini mchana wote huu?" Fisi akauliza.

"Nakujulia hali tu, Bwana Fisi. Mbona umenenepa?"

"Ni uvimbe. Njaa inavimbisha."

"Pole. Na huo mvumo ndani?"

"Shangazi yangu anakoroma."

"Tangu juzi?"

"Ametoka mbali, amechoka. Usimwamshe."

"Na mtandao kwako ukoje?"

"Mtandao!" Fisi akacheka, kicheko chake kile. "Mimi nina simu ya tochi. Hata picha haionyeshi. Nenda kaulize kwa Nyani, ndiye mtoto wa mjini."

Sungura akaaga. Alipopita nyuma ya nyumba akaona tumbusi saba angani, wanazunguka juu ya kichuguu bila kupiga bawa. Wa nane, mzee, alikuwa ametua kwenye mti mkavu akipumzika.

"Shikamoo, mzee. Kuna mzoga hapa?"

"Marahaba. Mzoga utoke wapi? Hapa kuna hewa ya moto inapanda kutoka chini, kila mchana, wiki ya tatu sasa. Unatandaza mabawa tu, inakunyanyua. Kwa njaa hii nani ana nguvu za kupiga bawa?"

Sungura akaukumbuka mvumo wa shangazi. Kisha akacheka peke yake njia nzima.

Lilibaki la kumshawishi Simba aite baraza, na hilo Simba akalimaliza mwenyewe. Machozi ya Bi Kobe yalikuwa hayajamgusa. Alisema tu kwamba wazee wazoee. Lakini asubuhi hiyo alijirekodi akinguruma, ngurumo nzuri yenye mkia mrefu, akaituma kwa wakwe zake. Ikakwama kwenye asilimia mbili. Akajirekodi tena, ikakwama kwenye moja.

"Hili sasa ni janga la bonde zima!" akasema, na kabla ya adhuhuri wanyama wote walikuwa mlimani pa baraza, upande wa mashariki, jirani na nyumba ya Bi Kobe.

"Nani anakula mtandao wetu?" Simba akauliza. "Ajitokeze kwa hiari yake, nimwadhibu kwa upole."

Nyani akanyoosha mkono. "Mimi huwa natazama nyani wenzangu wakianguka mitini. Lakini si siku nzima, Mheshimiwa. Nikicheka sana nachoka."

"Keti."

Hapo Fisi akasimama. Alikuwa amekaa mbele kabisa, na sauti yake ilitetemeka kwa uchungu. "Mwizi huyu hana moyo! Nilipomwona Bi Kobe wetu analia, jamani, sikula siku hiyo."

"Maneno mazuri," Sungura akasema. "Na akijulikana, Bwana Fisi, wewe unaona afanywe nini?"

"Ambebe Bi Kobe mgongoni mpaka majini! Hatua kwa hatua! Na asipewe hata mfupa njiani!"

Wanyama wakashangilia. Simba akapiga mkia chini. "Imepita."

"Imepita," Sungura akaitikia, kisha akatazama magharibi na kukunja uso. "Samahani, Mheshimiwa, nakukatiza. Macho yangu ni madogo. Wale kule si tumbusi?"

Fisi alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. Kule mbali waliruka tumbusi, sasa kumi na mmoja, wakizunguka mahali pamoja. Fisi akiona tumbusi wanazunguka, sikio linaziba na miguu inatangulia akili. Alikuwa na nyama nyumbani ya kumtosha miaka miwili. Haikumsaidia. Aliruka juu ya Ngiri, akamkanyaga Nungunungu na hakusikia miiba, akateremka mlima ule pua juu, ulimi nje.

"Mzoga!" akapiga kelele Simba, ambaye naye ana njaa zake, akamfuata. Na bonde zima likamfuata Simba.

Mlimani alibaki Bi Kobe peke yake na simu yake. Kwa mwendo wake hakukuwa na haja ya kujaribu kukimbia nao.

Fisi alikimbia akitazama juu tu. Alipita kichaka chake, akapita mfupa aliouweka alama ya mpaka wake, akapita karibu na kamba aliyoanikia shuka zake. Hakuona kimoja. Alipofika chini ya tumbusi akagonga kichuguu, na kwenye tundu la kichuguu ikatoka hewa ya moto yenye harufu ya nyama. Mate yakamdondoka. Ilikuwa nyama yake, lakini pua ya Fisi haiulizi ya nani.

Akachimba. Wenzake walipofika wakihema, mawe yalikuwa yanaruka.

"Nimefika wa kwanza!" akapiga kelele. "Mashahidi! Karibuni mwone! Ni changu!"

"Umesema karibuni?" Sungura akauliza.

"Karibuni! Karibuni wote!"

"Mheshimiwa, tumekaribishwa," Sungura akamwambia Simba.

Fisi akaingiza kichwa, akauma kitu kirefu kigumu, akakivuta kwa nguvu zote. Ulitoka waya. Nyuma ya waya ikatoka mashine yenye vitaa vya kijani, ikaanguka juani, vitaa vikazimika. Nyuma ya mashine ukuta wa sebule ukabomoka, na nyama kavu ikamwagika nje, ikafika mpaka miguuni pa Simba.

Mvumo ukakoma. Fisi akabaki na waya mdomoni, akitazama shuka zake kwenye kamba. Ndipo alipozitambua.

"Shangazi ameamka," Sungura akasema.

Na papo hapo simu zote zikaanza kulia, bonde zima. Ngurumo ya Simba ikafika kwa wakwe, zote mbili, pamoja na zile alizozituma juzi na hakumwambia mtu. Tumbusi mmoja, alipokosa hewa ya moto, akashuka kwa kishindo akaketi juu ya Nyani.

"Lakini uzi ni wangu!" Fisi akalia. "Umefika nyumbani kwangu! Kosa langu nini?"

Buibui akateremka polepole kutoka kwenye tawi. "Uzi unaoingia kwako ni wako, nilikufungia mwenyewe. Lakini ule mnene ni wa wote, na wewe ulichota humo kwa midomo mia nne. Bi Kobe alikuwa na mdomo mmoja tu."

Fisi akageuka kutafuta mtetezi. Alimtazama Simba, lakini Simba alikuwa tayari amekaa juu ya ile nyama, akisema anailinda.

Walirudi mlimani kumchukua Bi Kobe. Hawakumkuta pale walipomwacha. Kile kiduara kilikuwa kimesimama, video ikafunguka, naye akaona ziwa lote, jeupe kwa jua, nyuma ya mlima wenye vichwa viwili. Aliitazama mara moja tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amejua jambo kabla ya wengine wote, na hakutaka kuipoteza nafasi ile. Walimkuta amekwisha kwenda hatua kumi na mbili, machozi yanamtoka, anacheka.

"Inama," Simba akamwambia Fisi.

Safari ilichukua siku tatu. Simu ya Fisi ilikuwa shingoni mwake, na haikuwa ya tochi. Ililia njia nzima, mbweha wakilalamika kwamba sinema imekatikia pazuri. Fisi hakuwa na mkono wa kuishika, hivyo Bi Kobe alikuwa akishusha shingo na kupokea.

"Duka limefungwa," alikuwa akiwaambia. "Mwenyewe amepata kazi ya kubeba."

Siku ya tatu jioni walishuka ziwani. Bi Kobe alikunywa wa kwanza, taratibu, na wote wakamsubiri.

Hadithi yangu imefika majini, na aliyebebwa ameshuka. Anayejipakulia peke yake kwenye cha wote huwa anamnyima mtu fulani, na mara nyingi huyo ni yule asiyeweza kukimbia. Fisi anasema bado anatafakari. Lakini Buibui, tangu siku ile, mtu akija kuomba uzi wa nyumbani, hamsomei tena sharti. Anamtazama mgongo wake tu, kisha anamwuliza, "Unaweza kumbeba Bi Kobe?"