Jina Lililokwama Kwenye Dua

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Naisaburi, zama zile wafinyanzi walipokuwa wakiandika maneno ya kheri kwenye mabakuli, aliishi mtu mcha Mungu aliyeitwa Zuheri bin Hilali, Allah amrehemu. Hakukosa sala ya jamaa, hakupunja, hakusengenya. Kazi yake ilikuwa kulichukua bakuli lililokwisha kupakwa udongo mweupe, kulikalisha juu ya goti, na kuandika ukingoni kwa rangi nyeusi: "Baraka kwa atakayekula humu." Kwa miaka mingi vyombo vyote vya futari vya Msikiti wa Ijumaa vilitoka mkononi mwake. Mdomo wake ulisema sifa zote ni za Allah, lakini moyoni alikuwa amejitengea fungu lake.

Akaja mjini mwanamke mjane, Unaisa binti Farruhi, akitokea Samarkandi. Naye aliandika mabakuli. Herufi zake zilisimama wima, nyembamba, zikauzunguka ukingo bila kubanana wala kuachana, na neno la mwisho likafika pale pale lilipoanzia la kwanza. Zuheri alipoliona bakuli lake sokoni aliligeuza huku na huku akitafuta kasoro. Hakuipata. Akalirudisha mahali pake, akaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo wivu ukamkaa. Na wivu hauna haya, ndugu zangu. Humfuata mtu hata kwenye safu ya sala. Imamu akisoma, Zuheri aliziona herufi za Unaisa zikipita mbele ya macho yake. Watu wakimsifu yule mama, naye aliitikia "Mashaallah", kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Shaabani ilipokaribia kwisha, msimamizi wa wakfu akawataka wote wawili waandike mabakuli, kila mmoja fungu lake. Ambaye kazi yake ingetoka vizuri zaidi tanurini, huyo ndiye angeandika vyombo vya msikiti kuanzia mwaka ule. Kwa Unaisa hiyo ilikuwa riziki ya nyumba yake. Kwa Zuheri ilikuwa jina lake, na jina lilimuuma kuliko njaa.

Sasa, wafinyanzi wa mtaa ule walichoma vyombo vyao katika tanuri moja, na rangi nyeusi ilichanganywa na mtu mmoja kwa ajili ya wote, ili weusi usitofautiane. Mtu huyo alikuwa Zuheri, kwa uaminifu wake. Alisaga jiwe jeusi, kisha akalikoroga na udongo laini uliochujwa, kwa kuwa udongo ndio unaoishika rangi isitiririke, pale unga wa kioo uliopakwa juu yake ili chombo king'ae unapoyeyuka motoni. Rangi isiyo na udongo huandika vizuri tu na hukauka vizuri tu. Aibu yake huonekana tanuri likifunguliwa, na hapo lawama humwangukia mwandishi.

Siku ya kugawa rangi, Zuheri alisaga jiwe, akakijaza kijungu cha Unaisa, na udongo hakuutia. Alijiambia kwamba hakusema uongo, maana hakuna aliyemuuliza. Tazameni mtu mwenye alama ya sijda kwenye paji anavyoweza kujitafutia fatwa.

"Allah akulipe kheri, ami," alisema Unaisa alipokipokea. "Nasikia rangi yako haijapata kumwangusha mtu."

"Amina," akajibu Zuheri, akatazama pembeni.

Mabakuli yakaandikwa, yakapakwa kioo, yakapangwa tanurini. Ilikuwa ada ya mtaa ule kwamba kabla mdomo wa tanuri haujazibwa, mkubwa wao kwa umri husimama mbele yake na kuomba dua, akiwataja wenye vyombo mmoja mmoja kwa majina yao. Zuheri akasimama kama alivyosimama kila mara. Akainua mikono. Akamwombea huyu, akamwombea yule, wenzake wakiitikia amina. Likafika jina la Unaisa.

"Ewe Mola wetu, kazi ya mja wako Unaisa binti Farruhi..."

Ulimi ukakwama. Angemwambia nini Mola wake? Aihifadhi kazi ambayo yeye mwenyewe ameiharibu? Watu aliweza kuwaficha, lakini sasa alikuwa akisema na Yule aliyemwona akiuacha udongo kando. Wenzake wakangoja. Alitamani mno kuimalizia dua ile; yalikuwa yamebaki maneno machache tu, na vyombo vya msikiti vingebaki vyake.

Akashusha mikono.

"Msizibe," akasema. "Toeni mabakuli ya mama huyu. Rangi niliyompa haina udongo. Sikusahau. Nilikusudia."

Faramarzi, mchoma vyombo, aliyekuwa ameshika tope la kuzibia, akamtazama asiamini. "Wewe, Zuheri? Kwa nini?"

"Kwa sababu anaandika vizuri kunishinda."

Hilo ndilo lililomtoa jasho. Kukiri khiana kulikuwa kuzito, lakini kukiri mbele ya mtaa mzima kwamba amezidiwa kulimchoma hasa.

Unaisa alilia kwa hasira, wala hakujificha. "Wangeniambia sijui kazi," akasema. "Na mimi ningewaamini."

Zuheri alichanganya rangi upya mbele ya macho yao, akayakwangua mabakuli yale mwenyewe na kuyapaka weupe tena, kisha akamshikia mwenziwe moja baada ya jingine mpaka yote yakaandikwa. Tanuri lilipofunguliwa, hapakuwa na haja ya kuuliza kazi ipi ni bora. Vyombo vya msikiti vikaenda kwa Unaisa. Kuchanganya rangi wakapewa watu wengine, na Zuheri akabaki kuandika vyombo vya sokoni. Unaisa alimsamehe, lakini si upesi.

Miaka ikapita. Siku moja Faramarzi akamuuliza, "Ule wivu ulikutoka?"

"Haukunitoka," akasema Zuheri. "Kila nikiliona bakuli lake, unaamka. Basi humwombea papo hapo, kwa jina lake na la babake, mpaka niifikie amina. Siku nyingine amina inachelewa sana."

Ndugu yangu, usijidanganye kwamba wacha Mungu hawaoni wivu. Ukimwonea mtu kijicho, mtaje kwa jina mbele ya Mola wako, umtakie kheri, usikie kama ulimi utakubali. Ukikwama, usiilazimishe amina. Shusha mikono, uende kwanza kwa huyo uliyemdhulumu ukamwambie.