Nyati Aliyemshukuru Mwizi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wakati pembe zangu bado nzima na akili yangu haijaanza kazi, nchi yetu ilikuwa mtoto wa miaka tisa. Naona mnatazamana. Ndiyo, nchi hii hii mnayotembea ndani yake, iitwayo Mkejina, ambayo leo ni mama mtu mzima anayefinyanga vyungu, ilikuwa kasichana kembamba kalikopenda kucheza rede mpaka kaitwe kula mara tatu. Kwake yeye imepita miaka ishirini tu. Kwetu sisi tunaoishi ndani yake, hizo ni zamani za kale.

Ninyi ndama mmezaliwa juzi humu ndani ya uboho wa paja, na kesho mnatoka kwenda kulinda. Mnanitazama kama shujaa kwa kuwa ni mzee na nina makovu. Nawaambia mapema kwamba mengi ya makovu haya nilijigonga mwenyewe.

Siku zile, kama leo, kila mtaa wa mwili ulikuwa na wenyewe. Kooni walikaa akina Chura, kazi yao kulowanisha njia. Magotini walikaa akina Kobe, wakipaka bawaba mafuta. Na moyoni alikaa Punda na mkewe na watoto wao, wakipiga ngoma, du-dum, du-dum, kazi isiyo na Idi wala Krismasi. Nyumba yao ilikuwa na milango minne, na kila mlango ulikuwa na pazia. Damu ikija, pazia linafunguka. Ikishapita, linajifunga ili isirudi nyuma. Mapazia yale mke wa Punda aliyasuka mwenyewe, na nchi nzima hapakuwa na msuko mzuri kama ule.

Punda alikuwa mtani wangu. Kila nikipita mlangoni kwake nilimwita mjinga wa nchi, mwenye kazi isiyo na likizo. Naye alinijibu, bila kuacha ngoma, kwamba afadhali mjinga mwenye kazi kuliko mwerevu mwenye pembe. Nilicheka sana. Sikujua kama ananisema.

Sisi Nyati ndio tuliokuwa walinzi. Tulikuwa wengi, wazito, wenye vifua. Ila macho yetu, tusifichane, si mazuri. Kwa hiyo hatukujisumbua kukumbuka sura ya mwizi. Desturi yetu ilikuwa hivi: mwizi akikamatwa, tunamkata kipande cha vazi lake, tunakifunga kwenye pembe, kisha tunasuka vingine vya namna ile ile na kuwagawia walinzi wote. Tangu siku hiyo, yeyote atakayeonekana na msuko ule hana salamu wala swali, ni kukanyagwa tu. Desturi nzuri sana. Kwa desturi hiyo surua ilikuja hapa mara moja, na haijathubutu kurudi.

Na alikuwepo Bibi Digidigi, mdogo hata gotini kwangu hafiki. Kazi yake katika nchi nzima ilikuwa neno moja: basi. Vita vikiisha, anapita kwa walinzi mmoja mmoja akisema basi, tulizeni kwato, rudini nyumbani. Sisi tulimwona kama mtu aliyepewa kazi ya kuharibu shughuli za watu.

Siku moja rafiki yake Mkejina akamkoholea usoni wakati wanagombea mpira wa rede. Mdomo ulikuwa wazi, maana Mkejina alikuwa akibisha. Akaingia Sange.

Sange mnamjua? Kale kanyama kadogo kama panya, kenye pua ndefu inayochezacheza. Alikuja na watoto wake, kila mmoja kashika mkia wa mwenzake, mnyororo mrefu, na wote wamevaa makoti yaliyosukwa vizuri. Wakaingia kooni, wakawafukuza akina Chura majumbani mwao na kula kila kilichokuwemo. Koo likawa jekundu. Mkejina akashindwa kumeza hata uji.

Tukaitwa. Gudu, gudu, gudu, gudu, kundi zima la Nyati likashuka kooni, na homa ikapanda kwa vumbi letu. Tulikanyaga watoto wa Sange mpaka mnyororo ukabaki pete moja. Alikuwa mama yao, kabanwa kwenye kona ya tezi za koo, pua inachezacheza. Nikainua kwato.

"Bwana mkubwa," akasema, "utaniua, hilo halina ubishi. Lakini utaniua hivi hivi bila kuchukua kumbukumbu? Wenzako watajuaje kazi uliyofanya leo?"

Nikashusha kwato. Kusema kweli, hilo sikuwa nimelifikiria.

"Tena usichukue kipande," akaendelea. "Kipande ni cha walinzi wadogo. Mtu wa cheo chako anastahili koti zima. Ngoja nikuvulie mwenyewe, pembe zako zisije zikaharibu ushonaji."

Akavua, akalikunja, akanikabidhi kwa mikono miwili kwa adabu zote. Nililitazama lile koti kwa karibu. Nikahisi msuko ule nimewahi kuuona mahali. Nikajiambia nitakumbuka baadaye, na kweli nilikumbuka baadaye.

Kisha nikamwambia ahsante. Ndiyo, cheka tu wewe wa nyuma, una haki. Nilimshukuru mwizi.

Nilipomaliza kulifunga koti pembeni na kuinua kichwa, Sange hayupo. Nikajua ametoroka uchi kwa aibu, nikajisifu. Kumbe ameteleza kwenye mkunjo wa tezi, hatua tatu tu kutoka puani kwangu, na kwa kuwa hakuwa na koti, mimi na kundi langu zima hatukuwa na njia ya kumjua. Alilala humo, akazaa tena polepole, wachache tu, bila kelele.

Huko nje, mama yake Mkejina alimpa tangawizi na asali. Siku ya tano koo likanyamaza, mtoto akarudi kwenye rede, na hakuna aliyewaza hospitali, maana nani aende hospitali kwa ajili ya koo? Simlaumu mama. Mimi mwenyewe, mlinzi mwenye cheo, nilikuwa nimeshatangaza ushindi.

Bibi Digidigi akaja kusema basi. Nikamwambia kazi ndiyo kwanza inaanza. Tulisuka vipande vya msuko wa Sange usiku na mchana, mpaka kila Nyati kutoka utosini hadi kisiginoni akawa na chake pembeni. Sijawahi kuwa na bidii kama hiyo maishani.

Wiki ya tatu, doria yangu ikafika gotini. Akina Kobe walikuwa kazini wamejifunga vitambaa vyao vya kazi, na mimi nikauona ule msuko, au kitu kinachofanana nao. Sikuuliza. Tukakanyaga. Goti la Mkejina likavimba na kuwaka moto. Kesho yake tukawaona wengine kwenye kifundo cha mguu, tukakanyaga, kikavimba. Kesho kutwa kiwiko. Mama akashangaa maumivu gani haya yanayohama kama mpangaji. Ni mimi niliyekuwa nahama.

Bibi Digidigi alinifuata mbio mpaka kwenye kiwiko, ulimi nje. "Nyati, mtazame mvaaji, usitazame nguo," akaniambia. "Huyo uliyemlalia ni Kobe. Mmezaliwa mfupa mmoja."

Nikamjibu kwamba mwizi mzuri ni yule anayefanana na jirani. Nililipenda sana jibu hilo. Nililirudia kwa wenzangu njiani, nao wakalisifu, na kwa kulisifu huko tukafika moyoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilikouona ule msuko. Ulikuwa kwenye mapazia ya Punda. Mlinzi mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilisema moyoni, kumbe mtani wangu ni mmoja wao! Na nilifurahi, wajukuu zangu, nilifurahi kwa kuwa ni mimi niliyegundua.

Tukavamia nyumba. Pu! Pazia la mlango wa kushoto likachanika. Tukalirukia tena. Nilimsubiri Punda anirushie teke, maana mateke yake nilikuwa nayajua. Hakurusha. Alisimama pale pale, anapiga ngoma, jasho linamtoka, na mkewe anapiga, na watoto wanapiga, huku sisi tunabomoa nyumba juu ya vichwa vyao.

Nikamuuliza mbona hapigani, au ni dhambi imemkaba.

"Nikikupiga teke nitaacha ngoma," akasema Punda. "Nikiacha ngoma, mtoto atakufa. Bomoa tu, mtani, mimi nina kazi."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama hapo. Sikusimama. Niliona ni ujanja, nikaongeza nguvu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine yote.

Pazia lililochanika halikujifunga tena. Damu ikawa inapita na kurudi nyuma, shwaa, na Punda ikambidi apige mara mbili kwa kazi ya mara moja. Du-dum-shwaa, du-dum-shwaa. Huko nje Mkejina alikimbia hatua nne kwenye rede, akakaa chini akihema, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Mama yake akambeba mgongoni, mtoto wa miaka tisa, akaenda naye hospitali ya wilaya.

Daktari akaweka kipimo chake masikioni, na mdomo wa kipimo kifuani mwa Mkejina. Akasikiliza kwa muda mrefu. Fikirini aibu hiyo. Upumbavu wangu ulikuwa na sauti, mtu mwenye elimu akausikia kwa masikio yake, akauandika kwenye cheti. Kisha akamuuliza mama kama mtoto aliumwa koo hivi karibuni. Mama akasema ndiyo, lakini lilipona lenyewe. Daktari akatikisa kichwa.

Ikanyesha mvua chungu ya dawa, ya namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kututuliza sisi. Nilihisi miguu mizito, hasira ikanitoka kama maji kwenye chungu kilichopasuka, nikakaa kitako mlangoni kwa Punda. Bibi Digidigi akaja, akasema basi, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mpaka mwisho wa neno.

Ya pili iliingia kwa sindano. Hiyo haikutazama nguo. Ilifika kwenye mkunjo wa tezi ya koo, ikamtoa Sange na wanawe, ikawabeba kwenye mkondo wa damu, na mkondo ukampitisha mbele yangu pale moyoni, yuko uchi, anakufa. Ndipo nikamtambua kwa ile pua inayochezacheza. Nikamuuliza kwa nini alivaa msuko wa watu wa moyoni.

"Babu zangu wameishi na watu miaka mingi, tukajifunza kusuka kama wao," akasema. "Nilidhani mlinzi atasita kidogo, nipate nafasi ya kukimbia. Sikujua kama utakwenda kunibomolea nyumba ya jirani yako. Bwana mkubwa, nilitegemea utauliza angalau swali moja."

Akapita na maji. Nami nikabaki na koti lake pembeni, kila mtu ananitazama.

Daktari alimwambia mama kwamba Mkejina atachomwa sindano ile kila baada ya wiki nne, miaka mingi, bila kukosa. Mama akauliza mbona wadudu wameshakufa. Daktari akaeleza kwamba wakirudi tena, hata wachache, askari wa mwili wataamka na kuushambulia moyo upya. Mmesikia? Mtoto alilia kila mwezi kwa sindano, na sindano ile haikuwa ya kumwogopa Sange. Ilikuwa ya kuniogopa mimi.

Mke wa Punda alishona pazia, lakini kovu likaliacha gumu, halifungi sawasawa. Nilikwenda kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, kama kawaida ya watu wenye vyeo. Punda hakuweza hata kunipa mkono, yake yote ilikuwa kazini.

"Nimekusamehe, mtani," akasema, akipiga. "Lakini pazia halisamehi."

Tangu siku ile sijamwita mjinga tena. Yeye ndiye anayeniita hivyo, na ninaitika.

Sasa nyamazeni kidogo. Wekeni masikio kwenye ukuta wa mfupa. Mnaisikia ngoma? Du-dum-shwaa. Miaka ishirini, mchana na usiku, hiyo shwaa ya mwisho ndiyo jina langu. Kesho mtakapotoka mtakuwa na pembe kali na vifua, na mtapenda sana kukanyaga, kwa hiyo kumbukeni haya:

Adui anayeijua hasira yako hana haja ya kubeba silaha.