Nguchiro na Dawa ya Uzee

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika vyunguni, wanafagia nyua zao na kusengenyana na majirani, palikuwa na Simba mmoja aliyechukia shikamoo.

Sogeeni, sogeeni. Na wewe uliyejaza karanga mdomoni, tafuna umalize kwanza. Hadithi hii ina habari za kula, sitaki uniambie katikati eti umesikia njaa.

Simba huyo ndiye aliyekuwa na kiti cha nchi nzima. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda jabalini akanguruma. Kanga waliokuwa wakidonoa ng'ambo ya bonde wakiruka kwa hofu, kiti ni chake mwaka mwingine. Wasiporuka, mwingine anapanda kujaribu. Ndiyo iliyokuwa desturi, na miaka yote Simba aliwarusha kanga hao pamoja na vifaranga vyao.

Lakini mwaka ule aliona mvi kwenye manyoya ya shingo. Aliziona akinywa maji, zikimtazama kutoka kwenye beseni. Na mpwa wake, Shababi, alikuwa ameanza kuota manyoya yake mwenyewe, meusi, yanang'aa. Basi roho ya Simba ikawa juu juu. Kiti kilikuwa kinamtoka, aliona hivyo.

Asubuhi moja mpishi wake, Nguchiro, aliingia na kuni begani.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa!"

"Grrr! Shikamoo ya nani? Kuna mzee humu ndani?"

"Hakuna, Bwana Mkubwa."

"Basi nisalimie vizuri!"

Nguchiro akakuna sikio. "Eee... mambo?"

"Poa!" akasema Simba, akachekelea meno yote nje.

Nguchiro huyu mnamjua? Kamnyama kembamba, kafupi, mkia mrefu, macho hayatulii. Kazi yake ilikuwa kupika wali na samaki, maana siku hizo Simba bado alikula kama watu. Walikula watatu: Simba, na rafiki zake Nyati na Bi Kiboko. Walikula mpaka wakabeua, beuuu! Kisha chungu kilirudi jikoni na ukoko tu umeganda chini, mweusi kama soli ya kiatu. Huo ndio uliokuwa ujira wa Nguchiro. Aliukwangua, akawapelekea wanawe nyumbani kwenye kichuguu.

"Baba, leo tena ukoko?"

"Ukoko mtamu, mwanangu."

"Ulikuwa mtamu siku ya kwanza," mtoto akajibu.

Neno hilo lilimchoma Nguchiro. Usimwone mdogo, alikuwa baba. Siku ya pili aliuchukua ukoko wote, akautia kinuni, akautwanga. Twa! Twa! Twa! Ukawa unga mweusi laini. Akautia kwenye kibuyu, akapita chini ya dirisha la Simba akiimba polepole, lakini si polepole sana.

"Dawa ya uzeee... dawa ya uzee yenyeweee..."

Dirisha likafunguka, pa!

"Nguchiro! Umesema dawa ya nini?"

"Lo, Bwana Mkubwa, umesikia? Ni dawa ya uzee. Lakini si kwako wewe, kijana kama wewe."

"Si kwangu, ndiyo," akasema Simba haraka. "Nina... rafiki yangu. Rafiki yangu ana mvi chache."

"Huyo rafiki akiitumia, hatahesabu tena mvi moja moja."

"Ehe!"

"Na wanaomfahamu watamtazama mara mbili mbili."

"Ehee! Ilete hapa!"

Angalieni maneno ya Nguchiro, wanangu. Yachambueni vizuri kama mnavyochambua mchele kabla ya kuupika. Simba hakuchambua. Yeye alisikia alichotaka kusikia.

"Ila ina masharti," akasema Nguchiro. "Uzee unaingia wapi mwilini?"

"Sijui. Masikioni?"

"Mdomoni, Bwana Mkubwa! Unaingia pamoja na tonge. Mdomo ni mlango. Sasa sisi tutafunga mlango, tubakishe kidirisha. Nimesimamisha mchi uani. Kivuli chake kikijificha chini yake, jua la utosi, nitapiga mluzi, fyuu! Hapo kidirisha kimefunguka, unalamba dawa na unakula. Nikipiga mara mbili, fyuu-fyuu! Kidirisha kimefungwa. Hata punje ya mchele isipite."

Msinielewe vibaya. Kufunga kwa ajili ya Mungu kuna heshima yake, hata mimi nafunga. Lakini Simba hakufunga kwa ajili ya Mungu. Alifunga kwa ajili ya mvi.

Kabla ya jioni Nyati na Bi Kiboko nao walikuwa mlangoni. Nyati alitaka makunyanzi ya shingo yamtoke. Bi Kiboko hakusema anataka nini, alisema tu, "Na mimi nipimieni."

"Lakini mdomo wangu mkubwa," akalalamika Bi Kiboko. "Mimi nastahili dirisha kubwa."

"Bi Mkubwa, mdomo mkubwa ndio unaoingiza uzee mwingi. Lako tutalifanya dogo zaidi."

"Basi sawa," akasema Bi Kiboko kwa unyonge.

"Na chakula kilichomo majumbani mwenu?" akauliza Nguchiro. "Mtakiacha humo humo? Pua hula kabla ya mdomo! Pua ikila, masharti yameharibika."

"Tukipeleke wapi?" wakauliza wote watatu.

Nguchiro akashusha pumzi, kama aliyetwishwa mzigo mzito. "Nitateseka nacho mimi. Kileteni kwangu kichuguuni, nitakitunza."

Wakabeba wenyewe! Simba alibeba mchele na samaki. Nyati alibeba mihogo na kunde. Bi Kiboko alikokota mikungu ya ndizi, kru, kru, kru, mpaka kwenye kichuguu. Watoto wa Nguchiro wakapokea kwa adabu. "Asante, bibi. Asante, babu."

"Babu nani?" akafoka Simba.

"Samahani, kaka."

Siku ya kwanza mluzi ulilia, fyuu! Wakubwa wakalamba unga mweusi, wakakunja nyuso.

"Chungu!" akasema Nyati. "Lakini nasikia unafanya kazi."

"Ina ladha ninayoijua," akasema Bi Kiboko. "Nimeisahau tu."

Hajawahi kukwangua chungu, angeijuaje? Wakajipakulia wali. Kabla hawajafika katikati ya sahani, fyuu-fyuu! Sahani zikaondolewa.

Kila siku kidirisha kilizidi kuwa chembamba. Bi Kiboko alikuwa akisikia mluzi wa kwanza yuko mtoni, akija mbio, pu, pu, pu, pu, akifika uani anasikia wa pili. Alikuwa anageuka na kurudi mtoni na machozi.

Mkosi wa Nyati ulikuwa mkubwa zaidi. Siku moja Nguchiro alimkuta amelala kivulini, taya zinakwenda kushoto na kulia.

"Haa! Unakula!"

"Sili! Nacheua! Hiki ni chakula cha jana!"

"Kinapita wapi?"

Nyati akafikiri. "Mdomoni."

"Na kidirisha?"

"Kimefungwa."

"Basi meza."

Maskini Nyati akameza. Tangu siku hiyo hakucheua tena, na tumbo lake likawa linanguruma, ngurrr, ngurrr, kuliko Simba mwenyewe.

"Nguchiro," akaita Simba, "nasikia kizunguzungu."

"Dawa inafanya kazi hiyo!"

"Magoti yanagongana."

"Inafanya kazi!"

"Naona mko wawili."

"Hapo sasa inafanya kazi sana!"

Na hakusema uongo hata kidogo, mtaona. Manyoya ya Simba yakaanza kudondoka mafungu mafungu. Akajitazama kwenye beseni akapiga kelele za furaha. "Mvi zimepungua!" Na kweli zilipungua. Mahali zilipokuwa palibaki ngozi.

Huko kichuguuni wali ulikuwa unaiva na samaki. Watoto wa Nguchiro walinenepa hadi wakawa hawapiti mlango wa nyuma.

"Mume wangu," akasema mke wa Nguchiro, "siku ya jabali inakaribia. Yule akishindwa kunguruma je? Humwonei uchungu?"

"Miaka yote anasikia wanangu wakilia na ukoko. Alituonea uchungu?"

"Hilo ni kweli. Lakini atakutafuna."

Nguchiro akakuna sikio. Alikuwa hajalifikiria vizuri hilo la kutafunwa.

Siku ya jabali ikafika. Wanyama wote walijaa bondeni. Simba akaja anajikokota, mbavu zinahesabika, shingo kama ya tai. Njiani alikutana na Kobe. Mnamjua Kobe: hakuna anayejua alizaliwa lini, hata yeye mwenyewe. Kobe akamtazama Simba, akamtazama tena, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, babu."

Simba akataka kukasirika, lakini hakuwa na nguvu za kukasirika. Akapanda jabali, akiteleza, akisukumwa nyuma na Nyati, na Nyati akisukumwa na Bi Kiboko. Juu kabisa akasimama. Akavuta pumzi. Nchi nzima ikanyamaza.

"Nyaaa..."

Ng'ambo ya bonde kanga waliendelea kudonoa. Mmoja akainua shingo. "Nani kapiga chafya?"

"Hatujui," wenzake wakasema. "Afya, huko uliko!"

Ndipo Shababi akapanda. Alinguruma kwa nguvu zake zote, na sauti ikamkatika katikati, kama ya kijana anayebalehe. Puruu! Kanga watatu wakaruka. Watatu tu, wengine walirudi kudonoa. Lakini watatu ni wengi kuliko hakuna, na kiti kikawa cha Shababi.

Badala ya kushangilia, Shababi alimgeukia mjomba wake, macho yamemjaa maji.

"Mjomba, umefanya nini? Mwaka jana ulikuwa na mvi zako usizoziona na tumbo lako, na uliwarusha wote na vifaranga vyao. Mimi nilikuja leo kushindwa! Nilitaka nijaribu tu, nirudi nyumbani kula."

Simba akaketi jabalini. Mvi zile alizokuwa akiziogopa hazikumnyang'anya kitu. Kiti alikuwa amekitoa mwenyewe, na alilia kwa kulijua hilo, bila kujificha.

Kisha akakumbuka. "Nguchiro!"

Wakamleta Nguchiro akiwa ananing'inia, mkia umeshikwa na meno ya Nyati.

"Mwongo! Tapeli!" akafoka Bi Kiboko. "Alituuzia uongo!"

"Niulizeni kwanza," akasema Nguchiro akiwa kichwa chini. "Bwana Mkubwa, nilisema hutahesabu mvi moja moja. Unazihesabu?"

Simba akajipapasa. "Hakuna za kuhesabu."

"Nilisema watakutazama mara mbili. Kobe alikutazama mara ngapi?"

"Mbili," akasema Kobe kutoka chini.

"Lakini ulisema dawa ya uzee!" akanguruma Nyati, na alipofungua mdomo Nguchiro akaanguka, pu, akasimama, akajipangusa vumbi.

"Naam. Dawa ya uzee. Bwana Nyati, dawa ya kikohozi hufanya nini?"

"Huondoa kikohozi!"

"Na dawa ya usingizi?"

"Huondoa us..." Nyati akakwama. Taya zikaenda kushoto, zikaenda kulia. "Huleta usingizi," akasema kwa sauti ndogo.

"Sasa dawa ya uzee, kuna aliyeniuliza ni ya kuondoa au ya kuleta?"

Kisha kanga mmoja ng'ambo akacheka, kwe-kwe-kwe, na bonde zima likavunjika mbavu. Shababi alijaribu kununa kama mwenye kiti, akashindwa, naye akacheka.

"Na humo kibuyuni mna nini hasa?" akauliza.

"Ukoko."

"Ukoko!" akapiga kelele Bi Kiboko. "Tumelishwa ukoko?"

"Ule ule mnaonipa kila siku, Bi Mkubwa. Ungekuwa unaleta ujana, wanangu wangekuwa bado wananyonya."

Hapo kicheko kikapoa. Wakubwa wakatazamana, wakatazama chini.

Shababi akahukumu. "Nguchiro, umemtesa mjomba wangu. Utampikia mpaka mbavu zake zisionekane. Na mjomba, wewe na wenzako mtakula chungu kimoja na watoto wa Nguchiro. Ukoko mtagawana, mkubwa na mdogo."

Wakati wanyama wanatawanyika, Bi Kiboko alimvuta Nguchiro pembeni. "Sikiliza," akanong'ona. "Kumbe nilikosea kuomba. Ile ya *ujana* unayo?"

Nguchiro akafungua mdomo, macho yakameta. Kisha akamwona Shababi anamtazama. "Nenda ukale, Bi Mkubwa," akasema.

Jioni ile Simba alifika kichuguuni, akakaa kwenye mkeka, akapokewa na harufu ya wali wa samaki. Mtoto mdogo kuliko wote wa Nguchiro akaja na maji ya kunawa. Alisita, hakujua amwite kaka au nini. Akajitosa.

"Shikamoo, babu."

Simba akanyoosha mikono juu ya beseni, akayaona manyoya yake machache mle majini.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Haya, pakueni, nina njaa."

Uzee haukimbiwi, wanangu: ukiukimbia na tumbo tupu, utakukuta umeanguka njiani.