Ubao wa Usiku

Mtu mmoja alikuwa na ubao ambao hakuthubutu kuutia patasi. Aliitwa Mbonea, na kazi yake ilikuwa kuchapa picha kwa mbao, kwa namna ya Wajapani, kama alivyofundishwa ujanani na mwalimu aliyetoka huko. Yeye alichonga, na mkewe Nakijwa alilainisha mbao kwa msasa. Katika kazi hiyo, palipo laini hushika wino. Palipochimbwa wino haufiki, na hapo karatasi hubaki nyeupe.

Nakijwa alifariki. Aliacha ubao mmoja mpana, ambao alikuwa amekwisha kuulainisha. Mbonea aliufunga ndani ya khanga ya marehemu, akauweka juu ya kabati, na tangu hapo hakuchonga kitu.

Kisha wazee wa kanisa lao, lililokuwa likijengwa kando ya ziwa, wakamwomba picha ya ukutani kwa ajili ya siku ya kuliweka wakfu. Walitaka ziwa lao wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa ndani ya maji yale wote walibatizwa, na Nakijwa pia. Mbonea alikubali. Lakini moyoni alisema kwamba picha hiyo ikimshinda, hatashika patasi tena maisha yake yote.

Vilima na matete ya ufukweni alivichonga kwenye ubao mwingine. Kwa anga na maji hapakuwa na ubao wa kutosha ila ule wa Nakijwa. Akaufungua, akaupaka wino kote bila kuuchimba popote, akaukandamizia karatasi. Usiku ulitoka mzuri, bluu nzito juu, ikififia kuelekea majini. Mwezi akaona atauongeza baadaye kwa rangi nyeupe. Akaupaka. Wino wa chini ukapanda, mwezi ukawa wa kijivu. Akaongeza rangi, na kijivu kikazidi. Karatasi zikaharibika moja baada ya nyingine.

Ndipo akaja Namkunda, dada mkubwa wa marehemu, amemletea ndizi za kupika. Akaitazama picha mezani.

“Shemeji, huu ni mwezi au ugali ulioungua?”

Mbonea akacheka bila kutaka. Kisha akamweleza yote, na kwamba kuuchimba ubao ule kwake ni kama kumzika Nakijwa mara ya pili. Namkunda akapitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, mpaka ukingoni. Macho yakamjaa machozi, lakini sauti yake haikutetereka.

“Mdogo wangu aliulainisha ubao huu ili uchimbwe, shemeji. Hakuulainisha ili ulale kwenye khanga.”

Mbonea aliuvuta ubao karibu. Akaomba kwa maneno machache, akashika patasi. Pigo la kwanza lilimuuma kifuani. Akachimba duara la mwezi, na chini yake, penye maji, akachimba mistari mifupi mifupi, mpaka vipande vya mbao vikamjaa miguuni. Akapaka wino, akalaza karatasi iliyokwisha kuchapwa vilima na matete, akaisugua, akaiinua.

Mwezi ulikuwa pale. Hakuna mkono uliokuwa umeupaka rangi. Ulikuwa karatasi yenyewe, nyeupe kama ilivyokuwa kabla ya wino wowote, na nuru yake ilishuka juu ya maji hadi kwenye matete. Na pale alipochimba kwa kina zaidi, ndipo palipong'aa kuliko pote.

Siku ya wakfu walipoondoa kitambaa kilichoifunika picha, kanisa zima lilisimama. Akina mama wakapiga vigelegele, na Namkunda akawashinda wote. Na Mbonea, ambaye hakuwa amefungua kinywa kwenye kwaya tangu mazishi, aliimba besi mpaka mabenchi yakatetema.

Ndugu uliyefiwa, pale Mungu alipokuchimba, kwa nini bado unapaziba nuru isitoke?