Shanta la Jikoni

Kila chama kina mtu wake wa kupenda sheria, na chama cha matembezi cha mtaa ule kilikuwa na Mwalimu. Alikuwa amestaafu kufundisha michezo, lakini michezo ilikataa kustaafu ndani yake. Alitembea kifua mbele kama jogoo aliyeambiwa kwamba jua linamsubiri yeye. Kabla ya kila safari aliwapanga wanachama mstari mmoja na kupima mashanta yao kwa mizani ya kuning'iniza. Aliyezidisha kilo nane alipunguza kitu palepale, hata kama ni nguo ya ndani, na watu wote waone.

Shanta moja tu halikupimwa: la Shangazi, mpishi. Halikuwa jambo la upendeleo. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba chakula kinaliwa, na mzigo unaoliwa si mzigo.

Shangazi hakuwa na mpwa hata mmoja pale, ila jina lilimganda kama masizi ya sufuria. Magoti yake yalilia kama mlango usiotiwa mafuta, lakini mkono wake jikoni ulikuwa bado msichana. Safari ile alitia shantani nyanya zilizoanza tu kuiva, kila moja na karatasi yake, kisha vitunguu, viazi, mchele, ndimu, tangawizi, kabichi nzima, na mchicha aliouvika kitambaa chenye unyevu usije ukanyauka. Mwenye duka aliyemuuzia alilipima shanta hilo kwa kumwonea huruma. Kilo kumi na saba.

Alibeba na hofu pia, ingawa hiyo haikupimika. Mwalimu alikuwa ametangaza kuwa baada ya safari ile chama kitahamia tambi za pakiti, zinazoiva kwa maji ya moto tu, na Shangazi apumzike nyumbani. Neno hilo la kupumzika Shangazi alilijua vizuri. Ndilo aliloambiwa marehemu mumewe kiwandani, na tangu siku hiyo hakuinuka kitini. Yeye raha yake ilikuwa kuwaona watu wazima wamekaa juu ya mawe wakilamba vidole. Akivuliwa raha hiyo, atabaki na magoti tu.

Kupanda kulipoanza, akaachwa nyuma. Mwalimu alimngoja, mikono kiunoni.

"Shangazi, leo umebeba mlima wenyewe?"

"Nimebeba matumbo yenu, Mwalimu."

"Majani hayo. Mchicha una uzito gani?"

Fundi cherehani, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake, akadakia kwamba mbuzi hubeba majani tumboni kutwa nzima na hajasikika akilalamika. Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka, maana pumzi ya kujibu hakuwa nayo.

Mchana walipumzika kando ya kijito, wakala mkate na mayai ya kuchemsha. Mashanta yote yaliegemezwa kwenye jiwe moja, yote ya buluu, yote ya duka moja. Zamani Shangazi aliomba afunge uzi mwekundu kwenye lake, Mwalimu akakataa: chama kimoja, alama ya nini? Basi filimbi ilipolia, Mwalimu alinyakua lililo karibu, kwa pupa ya kutangulia, na Shangazi akachukua lililobaki.

Alipolitupa begani nusura aanguke kifudifudi, kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Tena lilikuwa laini mgongoni kama mtoto aliyelala. Akafungua mdomo amwite Mwalimu. Kisha akaukumbuka ule mchicha. Mdomo ukajifunga wenyewe, taratibu.

Alasiri ile Shangazi alitangulia, akiimba puani. Nyuma, Mwalimu alikaza mikanda, akailegeza, akalaumu njia, akalaumu jua. Mzigo hakuweza kuulaumu, kwani alikuwa ameupima mwenyewe mbele ya watu: kilo saba na nusu. Mwishowe akamuuliza fundi kwa sauti ya chini kama mabega ya mtu huweza kuzeeka kwa siku moja. Fundi akamjibu kwamba uzee ni mgeni asiyepiga hodi.

Hatari ilikuwa moja. Mwalimu akichoka, alikuwa na desturi ya kulikalia shanta lake. Alipolishusha na kuanza kukunja magoti, Shangazi aliona nyanya zake, na chakula cha jioni, na jiko lake lote, vikiwa chini ya makalio yale. Akarudi mbio.

"Mwalimu, usikae. Ukikaa wewe, hawa wa nyuma watajifunza nini?"

Mwalimu akanyooka, uso umekunjamana. Mwalimu hata akiwa mahututi, mwambie ni mfano kwa wengine, atasimama.

Walifika kambini jua likingali kwenye nyasi. Mwalimu akafungua shanta, akaingiza mkono, akautoa na kabichi. Akaitazama. Kabichi nayo, nadhani, ilimtazama. Shangazi akafungua la kwake na kuchomoa mto mkubwa wa usufi wenye foronya ya maua, maana Mwalimu, kumbe, hapati usingizi bila mto wa nyumbani. Fundi alicheka hadi akalala chini.

"Tangu lini?" Mwalimu akauliza.

"Tangu kijitoni."

"Na ulijua?"

"Mimi nitajuaje, Mwalimu? Mwenye mizani ni wewe."

Mwalimu alitundika shanta la jikoni kwenye mizani, akasoma, akafuta macho, akasoma tena. Kisha akaenda kutafuta kuni bila kutumwa.

Vitunguu vililia mafutani, tangawizi ikapondwa kwa jiwe, nyanya zikaingia zote salama, mchicha ukaja mwisho ubaki kijani, na ndimu ikakamuliwa juu ya wali. Mwalimu alijaziwa sahani mara tatu. Neno tambi halikutajwa. Badala yake alitangaza kwamba kuanzia kesho kila mtu atabeba fungu lake la jikoni, yeye wa kwanza. Fundi akanung'unika kwamba viazi ni vizito.

Mwalimu, mgongo wake umeegemea ule mto wa maua hadharani, alijisugua bega na kumwambia polepole, "Leo asubuhi vilikuwa majani, fundi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."