Andiko la Sange na Mguu wa Kiboko

Nibishe hodi, au nipite zangu?

*Bisha, tumekaa.*

Nimekuja na jambo.

*Liweke hapa kati, tulione.*

Haya, limekaa. Litazameni wenyewe.

Hapo kale palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na mto. Kila kiangazi mto ule ulikauka ukabaki mchanga mtupu. Maji yalisalia katika dimbwi moja tu, na ndani ya dimbwi alikaa Kiboko.

Kiboko alikuwa Mwenyekiti wa Bonde. Alichaguliwa na nani? Hakuna aliyekumbuka. Alikaa dimbwini, basi, na aliyekaa dimbwini ndiye mwenyekiti. Aliyetaka kunywa alimletea kwanza mzigo wa nyasi. Swala alileta nyasi. Pundamilia alileta nyasi. Asiye na nyasi alisimama pembeni akatazama wenzake wakinywa. Sasa, mwaka mmoja kiangazi kilirefuka, nyasi zikaadimika, na waliosimama pembeni wakawa wengi. Baadhi yao hawakurudi nyumbani.

Katika bonde hilohilo alikaa Sange. Mnamjua Sange? Ukimwona kwa haraka utasema ni panya, lakini pua yake ni ndefu kama mrija, na miguu yake myembamba utadhani itavunjika. Hukimbia katika vijia vyake, tika-tika-tika, na jani likianguka kijiani husimama akaliondoa. Hapendi kitu kikae mahali pasipo pake.

Mwaka ule dada yake alikuwa mmoja wa wale waliosimama pembeni. Sange alimzika, akafagia njia ya kaburini, akakaa kimya siku nyingi. Alipofungua kinywa, alikuwa na swali.

"Mto ukikauka," alisema, "maji huenda wapi?"

Akaenda kwa rafiki yake Muhanga. Huyu ni mnyama mwenye masikio marefu na kucha za kuchimbia, na mchana kutwa hulala shimoni mwake. Sange akamwamsha.

"Ndugu yangu, mto ukikauka, maji huenda wapi?"

Muhanga akapiga miayo. "Chini."

"Chini wapi?"

"Sasa hapo ndipo sijui."

"Basi amka tukatafute."

Wakaanza. Sange alitazama, Muhanga alichimba. Chaku-chaku-chaku, chini ya mgunga: pakavu. Chaku-chaku-chaku, kando ya mwamba: pakavu. Wakachimba chini ya mkuyu, wakapata maji, wakafurahi. Wakachimba chini ya mkuyu mwingine, pakavu, furaha ikaisha. Muhanga akataka kurudi kulala. Sange akakataa, akaurudia ule mkuyu wa kwanza, akauzunguka, akautazama mpaka jua likamchoma mgongo. Mkuyu ule ulikuwa kwenye kona ya mto, upande wa nje, pale maji ya masika hupiga ukingo na kuula. Wakatafuta kona nyingine yenye mkuyu wenye majani mabichi. Chaku-chaku-chaku, maji. Kona nyingine tena, maji. Walirudia kazi ile kiangazi baada ya kiangazi, na walipokosa Sange aliandika kwamba wamekosa.

Alikuwa akiandika kwa mwiba kwenye magome laini ya mti. Alitaka andiko lile lifike kwenye Kongamano la Maji.

Kongamano hilo lilifanyika kwenye tambarare ya ng'ambo ya vilima. Wanyama wa mabonde yote walipeleka huko maandiko ya utafiti wao, wahakiki wakayasoma, na yaliyokubaliwa yalisomwa mbele ya wote, kila mmoja akarudi kwao na la kufanya. Katibu wake alikuwa Korongo, ndege wa miguu mirefu. Alikuwa ametangaza masharti: andiko lifike kabla ya mwezi mpevu, liwe limefungwa kwa jani lenye muhuri wa mwenyekiti wa bonde lake, na ndani yake lisimtaje mwandishi mahali popote, ili wahakiki wasome maneno, wasisome mtu. Majina angeyauliza mwenyewe baadaye.

Muhuri wa bonde letu ulikuwa mguu wa Kiboko. Aliuchovya matopeni, akaugusisha kwenye jani, pwaa, kwisha.

Sange akaenda dimbwini. Tika-tika-tika.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umeleta nyasi?"

"Nimeleta andiko, naomba muhuri. Kongamano lina masharti yake, Mzee. Nikusomee?"

"Masharti ni ya wadogo," Kiboko akasema huku akitafuna. "Andiko lina majina ya nani?"

"Ndani halina jina. Tumelifanya mimi na Muhanga."

"Na mwenyekiti wenu hamkumwona? Weka jina langu mbele."

Sange akafikiri kidogo. "Niandike upya?"

"Kaandike upya."

Akarudi, akaandika upya. Akaenda tena dimbwini. Tika-tika-tika.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

"Jina lako liko mbele, yetu yanafuata. Masharti, Mzee, nikusomee?"

"Masharti ni ya wadogo. Hayo majina yenu yananibana. Yaondoe."

Sange akaishika pua yake.

"Niandike upya?"

"Kaandike upya."

Muhanga aliposikia, usingizi ulimtoka. "Kucha zangu zimekwisha kwenye mchanga ule," alisema. "Leo nimekuwa hewa?"

"Tumekuwa hewa wote wawili."

"Na wewe unakubali?"

"Jina halinywewi, ndugu yangu," Sange akasema. "Achukue. Watu wakijua pa kuchimba, mimi nimepata nilichokitaka."

Lakini alipokuwa akikwangua jina lake kwenye gome, mkono ulikuwa mzito. Aliacha, akaanza tena, akaacha. Mwishowe Muhanga alikuja kumsaidia. Wakakwangua pamoja, kila mmoja jina la mwenzake.

Mara ya tatu akaenda dimbwini. Tika-tika-tika.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Majina yetu hayapo tena. Nikusomee masharti?"

"Ya wadogo hayo. Nisomee andiko."

Sange akamsomea. Alipofika penye kona, mkuyu na majani mabichi, Kiboko akaacha kutafuna.

"Ngoja. Hapo umesema mahali pa kuchimba."

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa kila mtu akichimba kwake, nyasi ataniletea nani?"

Sange akaliweka gome chini.

"Futa hapo. Sema maji yapo na Kiboko ndiye anayejua yaliko. Inatosha."

Mnaona? Jina alikuwa amelitoa, na moyo wake ulikuwa umeanza kupoa. Lakini hili la sasa lilikuwa jingine. Sange alitazama pembeni ya dimbwi, pale ardhi ilipokanyagwa ikawa ngumu na miguu ya waliosimama wakingoja. Halafu akageuka, na sauti yake ikawa laini kama uji.

"Mzee, nikifuta hapo pana pengo kubwa. Nilijaze kwa nini?"

"Nijaze mimi."

"Kila mstari?"

"Kila mstari."

"Niseme Kiboko aliona, Kiboko akachimba, Kiboko akafikiri?"

"Na unene wangu usiusahau."

"Sitausahau. Ila Mzee, ukiingia wewe mzima, andiko litakuwa nene. Halitaenea kwenye jani moja. Litahitaji majani mawili, na kila jani muhuri wake."

Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika ukingoni. "Mawili? Lete mawili. Nilijua mimi si wa jani moja."

Sange akachuma majani mawili mapana ya myungiyungi palepale dimbwini, akayatandaza. Kiboko akachovya mguu. Pwaa. Akachovya tena. Pwaa. Akarudi kutafuna.

Nyumbani, Sange aliandika maandiko mawili. La kwanza lilikuwa kama alivyoagizwa, Kiboko mwanzo, Kiboko kati, Kiboko mwisho. Akalifunga kwa jani lenye muhuri. La pili lilikuwa lile lao la asili, lenye kona na mkuyu na mahali pote walipokosa, na halikuwa na jina la yeyote. Akalifunga kwa jani lenye muhuri.

Muhanga akamtazama. "Umemdanganya Mwenyekiti?"

"Alitaka jina lake kila mstari, nimeliweka. Alikanyaga majani mawili, nimeyatumia. Na masharti nilitaka kumsomea mara tatu."

Wakasafiri, wakamkabidhi Korongo maandiko yote mawili kabla ya mwezi mpevu. Korongo akafungua majani, akayaweka kando, akampelekea mhakiki magome peke yake.

Mhakiki alikuwa Nungunungu. Alisoma polepole, na asipopenda kitu, miba yake ilisimama. Alichukua andiko la kwanza. Mstari wa kwanza, miba ikasimama. Hakufika wa tatu.

"Huyu mwandishi ananitajia jina lake kila ninapopumua," alisema. "Sijawahi kupokea andiko ambalo mwandishi wake anajulikana haraka namna hii. Masharti yamevunjwa." Akalitupa, puu.

Akachukua la pili. Akasoma. Akarudia kusoma. Miba ikalala mmoja mmoja. Kisha akamwita Korongo.

"Huyu anasema alichimba wapi akapata, na alichimba wapi akakosa. Wengi wanaoniletea maandiko hawajawahi kukosa. Muulize jambo moja: amejuaje kuwa ni kona, si mkuyu tu?"

Swali likarudi kwa Sange. Akaandika jibu: walichimba pia chini ya mikuyu iliyo mahali mto uliponyooka, wakakuta pakavu. Nungunungu akasoma, akasema, "Likubaliwe."

Siku ya kongamano ilipofika, Kiboko naye alikwenda, amejipaka tope jipya. Korongo akasimama mbele ya wote.

"Kutoka bonde la mto mkavu tumepata maandiko mawili. Moja limekataliwa."

Kiboko akamgeukia Sange. "Lipi hilo?"

"Lako, Mzee."

Shingo ya Kiboko ikavimba. Wanyama waliokuwa karibu wakaanza kusogea. Sange alijua kwamba guu lile lililopiga muhuri lingeweza kumfanya muhuri. Akasema upesi, na yote aliyosema yalikuwa kweli:

"Mzee, wamesema hawajawahi kupokea andiko ambalo mwandishi wake anajulikana haraka namna ile. Mhakiki alikujua kabla hajafika mstari wa tatu."

Kiboko akashusha pumzi. "Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Basi wananijua huku." Akatabasamu. "Chakula kiko upande gani?"

"Kule nyuma, Mzee. Nyasi mbichi."

Akaenda. Ndiyo maana hakusikia yaliyofuata.

"Wenye andiko lililokubaliwa wasimame," Korongo alisema.

Wakasimama. Muhanga alikuwa akisinzia, maana ni mchana. Sange hakuonekana hata kidogo, mpaka alipopanda juu ya kichwa cha Muhanga.

"Majina?"

"Sange," alisema. "Na Muhanga. Na dada yangu, marehemu."

"Dada yako alifanya kazi gani katika andiko hili?"

"Hakufanya. Yeye ndiye aliyekufa kwa kukosa maji, ndipo tukauliza."

Korongo akainamisha kichwa kidogo. Akayatangaza majina yote matatu.

Sange akasoma, wanyama wakasikiliza, wakauliza, wakabishana, wakarudi makwao. Kiangazi kilichofuata, mabonde yote yalisikika chaku-chaku-chaku. Swala akanywa. Pundamilia akanywa. Nyasi zikaliwa na wenye meno yao.

Kiboko alibaki dimbwini akingoja mizigo. Haikuja. Jua likazidi, dimbwi likapungua, likawa matope, matope yakapasuka. Siku moja alitoka, ngozi imemkauka, akatembea mpaka kwenye kona ya mto, kwenye kisima cha Sange. Kilikuwa chembamba; hata pua yake haikuingia. Akasimama pembeni.

Muhanga akamwambia Sange kwa sauti ya chini, "Mwache asimame. Naye aone."

Sange alikaa na neno hilo. Msifikiri hakulionea utamu. Alimtazama Kiboko, akatazama kisima, akamtazama tena Kiboko.

"Andiko letu," alisema mwishowe, "halina mahali linaposema nani asinywe."

"Tungeweza kuongeza."

"Tungeweza. Haya, chimba ndugu yangu, chimba kwa upana."

Muhanga akachimba, akilalamika tangu mwanzo hadi mwisho. Wanyama wengine wakaja wakasaidia kutoa mchanga. Maji yakajaa. Kiboko akaingia, akakaa, akalijaza shimo lote, akafumba macho.

Siku chache baadaye wakapita wageni kutoka mbali, wana kiu. Wakaona maji mengi, na ndani yake Kiboko ameketi.

"Kisima hiki ni cha nani?" wakauliza.

Kiboko akafumbua jicho moja. "Cha Kiboko," akasema. "Kunyweni."

Wakanywa, wakashukuru, wakaenda, na huko walikokwenda wakakisimulia. Mpaka leo kona ile inaitwa Kisima cha Kiboko. Sange alisikia jina hilo akiwa kijiani mwake, anaondoa jani. Alisimama kidogo. Kisha akaliondoa jani, akaenda kunywa maji.

Jambo langu limeisha hapo. Aliyelipenda alibebe, asiyelipenda aliache hapohapo lilipo, tutalikuta.

*Tumelibeba. Na fundisho lake?*

Fundisho? Wanangu, utafiti unachosha, na masharti yana maandishi madogo. Tafuteni dimbwi, mkae ndani yake, mnenepe. Mengine yote yataandikwa na wenzenu.

*Tumesikia, Bibi.*

Mmesikia. Sasa nani kati yenu anajua mkuyu ulipo?